Ampli Yako Ilimupiga Mathieu

Uvira, Kavimvira
Tarehe 9/6/2024

Mpendwa shemeji Émérance,

Georgette alikufa. Mwaka umetimia, na jana tumemaliza kilio cha bibi yangu, dada yako.

Jambo sana. Iko aje huko Lubumbashi? Watoto wako wazima? Mugongo wako ungali unauma? Sisi huku tuko wazima. Mama yako pia iko muzima. Nimeandika hiyo mbele ya salamu juu kuna mambo yalitokea ku kilio, usishituke.

Ampli ya kukuza sauti uliyotuma ilifika, na spika zake, bafle zote mbili. Ina sauti! Ila fishi ya ku mwisho wa waya wake ina miguu tatu, na prizi ya ku ukuta ya hapa nyumbani ina matundu mbili. Ndugu yako Mathieu akakata ule mguu wa tatu na kisu. Hapa kila muntu anakata. Minye ndiye nilimushikia fishi.

Jana asubuhi Louise wa korali alijaribu mikro, na viatu mu miguu. Akasema inamutekenya vidole. Tukacheka, tukamuambia mikro inamupenda.

Desturi yenu unaijua. Mufiwa anaosha miguu mbele ya watu, kisha mama mukwe anavua viatu, anasimama mu maji yale yale na kutangaza kilio kimeisha. Nikaosha. Mathieu naye akavua viatu, akaingia mu maji juu anayeita anasimama pale pale, akashika mikro ili amuite Maman, mama yenu.

Hakuita muntu. Akaanza kutetemeka, macho wazi, meno yanagongana. Wamama wakapiga vigelegele: "Mathieu iko nacheza!" Minye niliangalia vidole. Vilikuwa vimenata ku mikro. Nikavuta waya mu prizi. Akaanguka matako juu ya sahani ya samaki ndagala.

"Nani amenipiga?"

"Ampli ya dada yako," mama yako akamujibu. "Toka ku ndagala zangu."

Ndugu yako iko muzima. Kiganja kimeungua kidogo. Jana ile ile alikula sahani tatu.

Sasa Maman akakataa kutangaza bila mikro. Sauti yake imebaki ndogo. Akasema kilio cha mutoto wake hatakimaliza mu sikio ya muntu mmoja. Na weye unajua, kwenu mufiwa hagusi udongo juma la mwisho mpaka neno litoke. Minye kazi yangu ni kuchimba mifereji. Bila neno la Maman, hakuna kazi. Na kapita, musimamizi wetu wa chantier, alisema lundi, ni kusema kesho, nisipofika, anaweka mwingine.

Tukamuita Gracien, fundi wa courant, ya umeme. Kwanza alitutukana. Kisha akasema ule mguu ni wa masse. Courant ikitoroka ndani ya ampli, inapita pale, inaingia mu udongo. Mukikata, inabaki mu chuma ya ampli na mu mikro, inangoja muntu wa miguu yenye maji.

Akaomba shimo. Toussaint wa jirani akachimba kama anayekuna kichwa. Minye, miaka kumi na nane ku chepe, nimekaa ku kiti kama askofu! Nilimupigia makelele mpaka sauti ikakauka. Gracien akapigilia chuma chini, akajaza makala ya kupikia na chumvi, akamwaga maji. Mama yako akachungulia: "Munapika nini humo? Iongezeeni pilipili."

Akaweka fishi mpya na prizi ya masse, akafunga waya mpaka ku chuma. Ile taa yake ya kupima, mbele ya hapo iliwaka ku ampli. Sasa haiwaki. Hata vile alimukataza Maman kugusa mikro. Akaifunga ku fimbo kavu ndefu, akaishika mwenyewe, na buti za kaucho, zile za mpira, mu miguu.

Maman akasimama mu maji. Akasema: "Hyacinthe, mukwe wangu, kilio kimeisha. Vua hiyo nyeusi, inanuka. Shika chepe." Ilisikika mpaka ku barabara. Watu walicheka. Minye nililia kidogo, kisha tukacheza mpaka jua likazama.

Shemeji, kama ampli ya kwako pia walikata mguu, usiiwashe. Ita fundi. Sicheki hapo.

Salimia bwana yako Emery na mutoto Chance. Binti yangu Jolie anakusalimia, Maman pia, na Mathieu na mukono wake. Mungu awape afya na chakula cha kutosha, na akulete huku tukuone.

Nakomea hapa. Kesho asubuhi narudi ku kazi.

Ni minye shemeji yako anayekupenda,
Hyacinthe Habonimana