Robo ya Kura

Brussels, 19 Juni 2023

Baba mpenzi,

Naomba baraka yako. Goti linaendeleaje, na mama hajambo? Mimi mzima, ila mvua ya huku imenichosha.

Nina jambo. Kamati yetu ya vyama vya wananchi imeombwa maoni na bunge kabla sheria ya kazi za kujitolea haijaandikwa. Unajua tulivyo: waajiri upande mmoja, vyama vya wafanyakazi upande wa pili, na upande wa tatu watu kama ninyi. Mimi nashika kalamu tu. Nataka iingie sentensi moja: mzimamoto wa kujitolea akitoka motoni, apumzike muda wa saa sita kabla ya kurudi kwa mwajiri wake au kupanda gari tena. Lakini haiwezi kutoka kichwani mwangu, lazima itoke vikosini. Dodoso liko wazi hadi tarehe nane Septemba. Wewe kamanda wa zimamoto kwa miaka thelathini na moja, ukiandika watasoma. Usikawie, baba.

Mwanao,
Leonilde

Vale de Urzes, 6 Julai 2023

Mwanangu,

Mungu akubariki. Sisi wazima. Goti ni lilelile, na mama yako anauliza kama unakula.

Dodoso nimeliona. Maswali kumi na tisa. Hebu niambie, huko kwenu misitu huwaka mwezi gani? Hapa ni Julai na Agosti, na hao wakubwa wako wamechagua miezi hiyohiyo kutuuliza maoni. Nilikuwa kwenye swali la nne king'ora kikalia.

Na sentensi yako siitaki. Tuko kumi na wanne. Nikiwalaza, nani atashika bomba? Juzi Felismina, mmoja wa hao kumi na wanne, alioka mikate tangu alfajiri, akaendesha gari la maji hadi jua kuzama, kesho yake yuko tanurini anaimba. Muulize kama anataka sheria ya kulala. Atakucheka mpaka unga umwagike.

Baba yako

Brussels, 29 Agosti 2023

Baba,

Naomba baraka yako. Hii ni barua ya tatu bila jibu lako. Simu yako inaita tu, na mama akipokea anasema hamjambo, kisha anasema maziwa yanachemka. Televisheni imeonyesha moshi juu ya mlima wetu. Siulizi tena dodoso. Naomba mstari mmoja: mko salama?

Mwanao

Vale de Urzes, 17 Septemba 2023

Mwanangu,

Mungu akubariki. Mimi na mama yako wazima. Siwezi kuandika hivyo kwa wote.

Nilimkataza mama yako asikwambie. Siku ya tatu ya moto, Felismina alikuja kituoni moja kwa moja kutoka tanurini, macho mekundu, unga bado mikononi. Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo wa gari la maji. Hakuna aliyemuuliza kama amelala, na wa kumuuliza nilikuwa mimi. Alisinzia kwenye kona ya kanisa dogo, gari likaingia bondeni. Yu hai. Mguu wa kulia wameukata chini ya goti.

Nilimpelekea jibini hospitali. Akaniuliza, "Kamanda, gari limepona?" Nilishindwa kumtazama.

Jana nilijaza dodoso lako lote. Kompyuta ikaniambia muda umekwisha. Sasa nifanye nini? Siwezi kukaa mahali pamoja, mama yako anasema nitatoboa sakafu.

Baba yako

Brussels, 20 Septemba 2023

Baba yangu,

Naomba baraka yako, na umbusu Felismina kwa niaba yangu. Nimesoma barua yako chooni kazini ili wasinione.

Dodoso limefungwa kweli. Majibu mia nne, na la mzimamoto ni moja tu, tena kutoka kusikowaka. Lakini tarehe 24 Oktoba kuna kikao cha kusikiliza watu. Nimekuombea dakika tano na mkalimani. Njoo. Halafu kuna desturi yetu moja: sentensi ikianguka kwenye kura lakini ikapata angalau robo, haitupwi. Inachapishwa nyuma ya hati ya maoni pamoja na idadi ya kura. Robo hiyo tunaweza kuipata.

Mwanao

Vale de Urzes, 2 Novemba 2023

Mwanangu,

Mungu akubariki. Nimefika salama, na kahawa yenu nimeisamehe.

Nisamehe kwa zile karatasi ulizonipangia. Nilipowasha kipaza sauti nikasahau takwimu zote, nikasema habari ya ufunguo tu. Nilitumia dakika mbili. Yule bwana wa waajiri aliponiuliza, "Na duka langu atalifungua nani, wewe?" nilikuwa na jibu lake tayari, ukanikanyaga mguu. Bado unauma.

Watapiga kura lini? Felismina naye anauliza kila siku.

Baba yako

Brussels, 14 Desemba 2023

Baba,

Naomba baraka yako. Imeanguka.

Aliyesimamia uandishi wa maoni aliitoa sentensi yetu ili apate kura za waajiri. Wenzetu wa upande wa tatu wakairudisha kwenye kikao kama marekebisho. Sitini na nane wamekubali, mia na tisa wamekataa. Robo imepita, kwa hiyo ipo, ukurasa wa kumi na saba, nyuma kabisa. Sijui kama kuna mbunge atakayefika huko. Naona aibu mbele ya Felismina. Nafikiria kuacha kazi hii.

Mwanao

Vale de Urzes, 11 Julai 2024

Mwanangu,

Mungu akubariki. Nimechelewa kwa sababu sikuwa na la kukujibu. Sasa ninalo.

Ukurasa wa kumi na saba nimeubandika ukutani kituoni, penye ufunguo. Na sisi tuliipigia kura sentensi yako, kwa mikono: kumi na mmoja ndiyo, watatu hapana. Felismina sasa anakaa mezani kwenye simu, na ufunguo anautunza yeye. Ukija anakuuliza umelala muda gani, na huyo humdanganyi.

Jumamosi tulirudi kutoka motoni asubuhi. Kabla ya adhuhuri king'ora kikalia tena: mteremko wetu, penye mizeituni ya babu yako. Nikanyoosha mkono.

"Umelala muda gani, kamanda?"

"Saa mbili."

Akatia ufunguo mfukoni, akaita kikosi cha mji wa pili. Nikamtukana mbele ya watu. Akaonyesha ukuta.

Nikakaa kwenye benchi, mwanangu. Miaka yote hii king'ora kilikuwa hakijawahi kulia nami nimekaa. Wale wa mji wa pili walichukua dakika arobaini kufika. Nyumba zimepona zote. Mizeituni imeungua yote, hata ule uliokuwa ukiukwea ukiwa mdogo. Mama yako hajanisemesha tangu siku hiyo.

Mimi nilipitiwa na usingizi palepale. Nilipoamka jua lilikuwa linashuka na Felismina bado yuko mezani. Akatazama saa, akanipa ufunguo, nikaenda kumwagia maji visiki vyetu.

Usiache kazi hiyo. Na safari ijayo waambie watuulize Novemba.

Baba yako