Wanasema Mkono Wangu Unang'oa Nywele

Jumamosi, 2 Agosti 2025
Leo nimefumua mteja wangu Phelista wa Bungoma, nikamsuka upya. Huyu aliacha dawa ya kulainisha nywele mwaka jana. Ilimchoma kichwa mpaka mamake akaapa: hakuna dawa tena hii nyumba! Tangu hapo mimi ndio namsuka matuta, nywele natural ikue bila kusumbuliwa. Na imekua! Katikati imejaa, chanuo linakwama. Kitale hakuna mkono unakuza nywele kama huu wangu, uliza mtu yeyote mtaa wetu wa Tuwan. Lakini mbele, kwa paji — upara! Nikamwambia, we, unalaliaga uso? Hakucheka. Na huwa anacheka.

Jumatatu, 4 Agosti
Sellah wa saluni ya jirani ameniletea maneno. Ati mamake Phelista anaambia watu Bungoma mkono wa Gichuki ni mbaya, unang'oa. Mimi! Sellah anasema pole, meno yote nje. Wateja wangu wameanza kuketi kwake. Namshuku. Si ni yeye hupaka Phelista mafuta ya bure akiningoja?

Alhamisi, 7 Agosti
Si Sellah. Nimejipaka hayo mafuta kisogoni, nikalala nayo, hakuna unywele umetoka. Bado niko handsome.
Basi nani? Jumamosi ile nywele kidogo iliyobaki kwa paji ilikuwa imelala kama imepigwa pasi! Natural gani inalala hivyo? Yangu hata nikiimwagia maji inasimama.
Nimepigia mamake. Nikamwambia Jumamosi nakuja, nimsuke mbele ya macho yako. Akasema njoo, na majirani nitawaita.

Jumamosi, 9 Agosti
Niko kwao Bungoma, sebuleni. Naandika kwa simu, wanadhani nachati. Mama alienda jikoni, nikafumua tuta la mbele — harufu ikanikata pua. Dawa! Anajipaka hapo mbele tu, kwa siri, ndio paji lilale vizuri. Nikainama: ni wewe? Akanifinya goti. Ati, Gichu, usiseme bana, mama ataninyoa yote.
Gichu! Tangu lini? Ananipenda ama ananitumia?
Mama amerudi na chai, majirani nyuma yake, wameketi kama wazee wa kesi. Anasema haya, kijana wa Kitale, tuambie leo, ni mkono wako ama si mkono wako? Nimesema ngojeni kidogo, kuna mteja ananisumbua. Anasema weka hiyo simu chini.
Naandika na mkono mmoja. Ule mwingine Phelista ameushika chini ya taulo nililomfunika mabegani, na haachilii