Kilatini cha Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Wakili kanipa kazi mpya. Wateja wamechoka na Kilatini chake, wengine wanadhani wametajiwa maradhi. Niyaandike maneno hayo kwa lugha ya watu, karatasi moja, ibandikwe chumba cha kungojea. Mimi! Miaka sita nayachapa kikasuku tu, maana sijui hata moja.

Nimechapa pia ombi la mwenye nyumba mmoja. Anataka kumtoa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, chumba akigeuze stoo. Fundi huyo ni mama yangu mdogo. Wakili hajui. Nimefunga mdomo — nina kiapo cha siri za ofisi, na kibarua nakitaka. Ila sina wasiwasi. Ataitwa ajibu, na kwa ulimi ule, hakimu mwenyewe ataomba radhi.

Jumatano, 5 Machi

Kamusi ya Wakili ina vumbi la tangu enzi za babu yake. Nimeandika:

Sine die — kesi imeahirishwa bila tarehe. Nenda kazeeke.

Locus standi — haki ya kushtaki. Huna? Basi utaulizwa: wewe yanakuhusu nini?

Amicus curiae — rafiki wa mahakama. Si mdai, si mdaiwa, lakini ana la kusema. Wifi yangu mtupu!

Wakili kacheka mpaka miwani ikamtoka. Kasema wifi nimtoe. Simtoi.

Alhamisi, 6 Machi

Limebaki ex parte. Lile lile nililochapa juu ya ombi la Jumatatu, kwa herufi nzito. Nikamwuliza Wakili. Kajibu huku anamenya chungwa: upande mmoja unasikilizwa peke yake, mwenzake habari hana, akija kushtuka amri imeshatoka. Kesho saa nane mchana tunayo moja, kasema.

Kwa hiyo mama mdogo haitwi! Na nimechapa kwa vidole vyangu hivi. Naona aibu. Nimeandika: "Wanaamua mambo yako wewe hupo." Nikabandika. Jioni nikapita kwa mama mdogo, kaniita ndani ninywe chai. Nikasema nina haraka. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 7 Machi, saa nne asubuhi

Naandika daftari likiwa ndani ya droo. Mama mdogo kaniletea sketi aliyoipunguza kiuno. Badala ya kuondoka kasimama kwenye karatasi yangu, anasoma kwa kidole. Kwenye mstari wa wifi kacheka ofisi nzima ikasikia. Wakili kachungulia, kavaa tayari koti la mahakamani, anatabasamu — anamjua kwa jina la kwenye faili tu.

Kidole kimefika ex parte. Kimesimama.

"Mwanangu, hii sijaielewa."

"Mpe mfano," kasema Wakili.