Shemeji na Dawa ya Viwavi

Shoga, uko wapi? Weka chai chini kwanza usije ukapaliwa.

Leo dada yangu alikuwa anakaguliwa na kile kikundi cha kilimo hai. Msimu mzima hajagusa dawa ya dukani, anahangaika na samadi na maji ya pilipili, ili tu wamkubali auze nao sokoni.

Basi wageni wako kwenye kabichi. Mwenyekiti wao, mama mmoja mcheshi, anageuza majani: "Mbona hakuna hata kiwavi mmoja?"

Dada anatabasamu. Mara shemeji huyo, kifua mbele: "Nilimwonea huruma mke wangu. Jana nikazipulizia dawa kali ya dukani, kimyakimya!"

KIMYAKIMYA, shoga! Mbele ya wakaguzi!

Dada anasema alitamani ardhi ipasuke immeze. "Baba watoto, umenimaliza." Hapo ndipo shemeji alipoelewa.

Mwenyekiti akacheka mpaka akashikilia uzio. "Wangu alinimwagia mbolea ya dukani mwaka wangu wa kwanza! Kabichi hizi hatuzipokei, ila mchicha wa kule juu una matobo ya wadudu, haukuguswa, huo utauza nasi. Na Jumamosi tunakuja wote na miche, tukusaidie kuanza upya hapa."

Dada amelia, amecheka, amelia tena. Shemeji kachukua jembe bila kuambiwa, anang'oa kabichi. Kila akifungua mdomo kujitetea, dada anamkata: "Wewe lima tu, mume wangu. Lima."