Kapasita Iliyomzuia Baba

Jumanne usiku, Waberi

Kumbe spika haikuwa mbovu hata kidogo. Nilipounda amplifaya hii nilichagua kapasita ndogo ya kupitishia sauti kwenda kwenye spika, kwa kuwa ndiyo iliyoenea ndani ya mkebe wa biskuti. Kapasita ndogo hupitisha sauti nyembamba na kuzuia zile nzito. Kwa hiyo nimekuwa nikisikiliza rekodi ya kwaya ya nyumbani bila marehemu baba, aliyeimba sauti ya nne, ile nzito kuliko zote. Yaani mkebe!

Leo nimeweka kubwa. Kifuniko hakifungi tena, na kisifunge.

Baba akaingia. Meza ikatetemeka. Nililia kama mtoto, basi.

Kisha jirani yangu, Mama Halima, akabisha mlango.

"Mwalimu, leo iko mgeni? Nasikia sauti ya mzee."

Tangu niletwe kufundisha hapa Waberi sijapata mgeni hata mmoja. Nikajibu ndiyo. Sijui kwa nini, lakini...

Akarudi na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia na vikombe viwili. Kwao mgeni halali bila chai.

Nimejaza vyote viwili.