Kaboni ya Transfoma Iko kwa Pochi Yangu

Baba Linah,

Chai iko kwa thamosi. Linah akirudi saa saba mpe maharagwe, si mkate. Mimi nimeenda Bungoma kwa baba yangu. Usinipigie.

Asubuhi uliwasha ampulifaya ya kwaya na nobu ya ile transfoma inayoipa stima ikiwa imezungushwa mpaka mwisho, vile uliiacha jana. Mara ngapi nimekwambia uanze sufuri, upandishe stima pole pole? Ikalia paa, moshi. Mimi niko jikoni, nakusikia ukimwambia Pasta kwa simu: "Ni bibi yangu alichezea. Si unajua wanawake na stima."

Wanawake na stima! Na ni nani alikufunza kushika tesita?

Ulipotoka kwenda dukani niliifungua. Ile kaboni inayosugua waya ndani ilikuwa imepasuka. Nikavunja betri ya tochi, nikatoa kaboni yake, nikaipiga msasa ikaingia sawa, vile baba yangu hufanya. Transfoma ikaamka. ~~Iko tayari, tumia tu.~~ Hapana. Hiyo kaboni nimeitoa tena, niko nayo kwa pochi.

Pasta na kwaya yake wanafika saa nne kukuangalia ukitengeneza. Betri ingine iko kwa kabati, msasa ndio huo mezani. Si Kitale nzima inakuita fundi? Ikikushinda, waambie tena ni bibi yako alichezea.

Leo hutakuwa umedanganya.

Mama Linah