Mbuzi za Nazi Pembeni mwa Darasa

Changamwe, Jumapili

Dada Mbeyu,

Ile pembe ya darasa uliyokuwa ukiimalizia kufagia, sasa naifagia mimi. Vibaya. Vumbi nalitoa huku nalipeleka kule, na watoto wa darasa la sita wananicheka kwa adabu, jambo linaloumiza zaidi.

Tangu tukuzike nimejua kwamba shule hii mimi nilikuwa naifundisha tu. Aliyekuwa akiijaza ni wewe. Mtoto akikosa siku mbili ulikwenda kwao, maana nusu ya Changamwe ni watani wa ukoo wako. Ukamtukana mamake hadi acheke, ukaondoka na mbuzi yake ya kukunia nazi. Nani atamkasirikia mtani? Mtoto akatumwa kuifuata shuleni, na akishafika humpi mpaka kengele ya mwisho. Kuna Jumatatu nilifundisha hesabu mbuzi tatu zikinikenulia meno.

Nilikwambia, "Njoo uchukue na yangu." Ukanijibu, "Wewe Mtaita, Mwalimu, hatuna utani. Nikichukua yako ni wizi. Tena ina meno machache kama wewe." Nilicheka. Nilikusudia kukuuliza mtu wa kuja hupataje utani. Nikaona muda upo. Homa haikuona hivyo.

Uliacha mbuzi moja pale pembeni, ya Mama Ruwa. Wiki ikapita, Ruwa hakuja. Nikaibeba mwenyewe hadi kwao. Mama Ruwa akaitazama, machozi yakamlenga. "Mwalimu, hiyo ilichukuliwa na mtani wangu. Wewe utanirudishia kama nani?" Nikarudi nayo begani, watu wananitazama. Dada, siku ile ndipo nilipokulilia. Msibani nilikuwa nashughulika na viti.

Nikawaambia watoto ukweli: bila Mbeyu, sijui la kufanya. Karembo, binti wa kaka yako, akasimama. "Mimi ni wa ukoo wake. Utani haukuzikwa." Wakaenda darasa zima, mimi nyuma yao. Mlangoni akapaza sauti, na sauti ilikuwa yako: "Mama Ruwa! Tui lako jepesi hata samaki anaogelea! Chukua mbuzi yako, utupe mwenzetu!"

Mama Ruwa akacheka, kisha akaeleza: yeye hutoka alfajiri kwenda kibarua, na Ruwa ndiye anayeshinda na mdogo wake, kitoto kichanga. Watoto wakashauriana papo hapo, wala hawakuniuliza. Sasa kitoto kiko darasani, wanakipakata kwa zamu, na Ruwa yuko mahali pake. Nikianza jiografia, kitoto hulala. Si peke yake.

Laiti ungaliona.

Alhamisi na Ijumaa sikwenda shule. Nilisema ni mgongo. Si mgongo, dada, ni ile pembe, tupu vile. Leo nimetoka kanisani nikataka kupika wali, mbuzi yangu ya nazi haipo. Nimetafuta hata uvunguni mwa kitanda. Jirani akaniambia, "Watoto wako walipita, Mwalimu. Wamesema wali wako ni kokoto, na wanaokutaka wako shuleni."

Nimekula wali mkavu, na sijawahi kushiba hivi. Ningependa tu aliyeichukua awe wewe.

Pumzika, mtani wangu. Niruhusu sasa nikuite hivyo. Kesho asubuhi nitaifuata, na sitaondoka nayo kabla ya kengele ya mwisho.

Mwalimu wako